Kikombe Kilicholala kwa Mama

Sisi watu wa upande wa Isecheno, kando ya msitu wa Kakamega, tumezoea watafiti. Tangu nikiwa mtoto wamekuwa wakija: wa ndege, wa nyani, wa vipepeo, hata mmoja aliyeshinda amepiga magoti siku nzima akifuata siafu. Wanalala kwenye kituo cha msitu, wananunua ndizi kwetu, wanauliza maswali, wanaenda zao. Hakuna aliyewahi kurudi kutuambia nyani walijibu nini. Kwa hiyo mama aliponipigia simu akasema safari hii wamekuja kupima hewa ya ndani ya nyumba, nilicheka mpaka nikaacha kushona. Nilimwambia, "Mama, wamemaliza wanyama, sasa wanaanza nyinyi."

Mimi ni fundi wa nguo. Nimeolewa Mautuma, kule Lugari, na nina kibanda sokoni ninaposhonea sare za shule na nguo za kwaya. Kutoka Mautuma hadi kwa mama si mbali sana kwa mtu asiye na kazi, lakini mimi nina kazi, nina watoto, nina mume ambaye hajui sufuria ya mchuzi inakaa wapi. Nilikuwa nakwenda kumwona mama nikipata nafasi. Nafasi zilikuwa chache, na sitazipamba hapa.

Msichana aliyeleta vikombe vya kupimia hewa hiyo hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa mtoto wa hapo Shinyalu anayesoma chuo, na alizungumza na mama kwa Kiluhya cha nyumbani, polepole, kwa heshima. Alimweleza kwamba mawe yaliyo chini ya ardhi yetu yanatoa hewa inayoitwa radoni. Haina harufu, haina rangi. Inapanda kupitia nyufa za sakafu, na nyumba ikiwa imefungwa sana inajikusanya humo ndani. Mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Kisha akatoa kikombe cheusi cha plastiki chenye kifuniko, kidogo kama kile cha kupimia dawa ya kikohozi, akakiweka juu ya sanduku la nguo chumbani kwa mama. Ndani yake, alisema, kuna kipande cha plastiki ambacho radoni inakiacha na alama, na alama hizo zinahesabiwa maabara. Kisiguswe, kisihamishwe, kikae hapo mpaka mahindi yaanze kukauka shambani.

Yote hayo mama alinisimulia kwenye simu bila kukosea hata moja. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wa mjini wakisikia habari hii wanafikiri mama yangu alikuwa mtu asiyeelewa. Alielewa. Ila alielewa na kitu kingine juu yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe. Baba, kabla hajafa, alikuwa mtu wa mashimo ya dhahabu. Dhahabu haikumpenda, lakini mawe alipata. Alikuwa akirudi na mawe kutoka shimoni kwa mkokoteni, mwaka baada ya mwaka, mpaka akajenga nyumba ambayo majirani walikuwa wakija kuipapasa ukuta. Vifusi vya shimoni ndivyo alivyoshindilia chini ya sakafu kabla ya kumwaga saruji. Wengine wote kijijini walikuwa na nyumba za udongo, zenye mwanya mpana kati ya ukuta na paa, upepo unaingia huku unatokea kule. Yetu iliziba kabisa. Baba alijivunia hilo. Alikuwa akisema ukiwa ndani ya nyumba yake huwezi kujua kama nje kuna mvua.

Alipokufa, mama alizidi kuziba. Madirisha yalikuwa madogo, ya mbao, na lile la chumbani kwake alilijaza gunia kwenye pengo la juu. Ukimuuliza anakupa sababu kama mtu anayechambua kunde. Baridi ya msitu inaingia mifupani. Wezi. Watu wanaotembea usiku bila nguo, ambao mama, mwanamke wa kanisa, hakuwaamini kwa mdomo lakini kwa kufuli aliwaamini. Na mbu. Watu wa afya wenyewe walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiwaambia wafunge madirisha jua likianza kushuka. Sasa wanakuja wengine wa afya wanasema fungueni. Mama aliniuliza, "Kwani hawa watu hawaongeanga?"

Kikombe kilikaa. Mama alikipangusa vumbi kila Jumamosi bila kukisogeza. Mahindi yalipoanza kukauka, msichana akarudi, akavifunga vikombe vyote kwa karatasi ya kung'aa, akaondoka navyo. Baadaye akaja tena na majibu, akakutana na watu kwenye uwanja wa kanisa, akamwita kila mtu pembeni peke yake na kumweleza habari za nyumba yake. Nyumba ya mama ilikuwa imezidi zote.

Mama alinipigia simu jioni hiyo hiyo. Nilifikiri nitasikia sauti ya mtu aliyeogopa. Nilisikia furaha. "Mwanangu," akasema, "nyumba yetu ndiyo imeshinda. Kile kikombe changu kilibeba kuliko vya wote."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu. Zamani, nikiwa bado nasoma shule ya msingi, kulikuwa na watu waliokuwa wakiitwa kuja kufukua. Nyumba ikiwa na magonjwa yasiyoisha, mzee wa kufukua anaitwa, anazunguka, ananusa, anachimba chini ya kizingiti, anatoka na kifurushi kichafu: nywele, mfupa wa kuku, kitambaa kilichofungwa uzi. Anakitia kwenye mfuko wake na anaondoka bila kugeuka nyuma. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, kwa jirani yetu. Baada ya hapo watu wanafagia, wanapika, wanakula. Ubaya umetoka. Hakuna aliyemuuliza yule mzee kama amepima au ameondoa. Anayekuja nyumbani kwako kwa ajili ya ubaya, akaondoka na kitu mkononi, ameondoka nao. Makanisa yamehubiri dhidi ya wazee hao mpaka wamekwisha, lakini njia waliyotuachia ya kufikiri haikwenda nao.

Basi kijiji kizima kilikuwa kimevielewa vile vikombe kwa njia hiyo. Mama hakuwa peke yake. Walipotoka kwenye uwanja wa kanisa walikuwa wakiulizana, chako kilibeba? Chako je? Wanawake walimpa mama mkono. Jirani yetu mmoja, mjane kama yeye, mwenye nyumba ya udongo, aliambiwa kwake hewa ni nzuri, akarudi nyumbani amenuna. Alikuwa na kifua cha siku nyingi na alitumaini kikombe kimepata cha kuchukua.

Nilifunga kibanda siku iliyofuata nikaenda nyumbani. Sitasema uongo, nilikwenda nimekasirika. Mdomo wangu hauna breki, na mama ndiye aliyenizaa hivyo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, mlango umerudishwa, dirisha limefungwa, gunia liko mahali pake. Nilianza hata kabla ya kuketi. Nilimwambia yule msichana hakutoa kitu, alipima tu. Hewa ni ile ile, inatoka chini ya kitanda chake anapolala. Nikamwambia kikombe ni kama kipimajoto cha hospitali. Kikitolewa kwapani homa haitoki nacho.

Mama aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Kipimajoto hakilalangi kwa mtu. Kinakaa kidogo, kinatolewa. Hiki kimelala kwangu msimu mzima. Kitu kikilala kwako hivyo kikaondoka, hakiondoki mikono mitupu." Halafu akacheka, akaniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hujui hiyo?"

Nilijua. Nilitaka kulia. Nilimwambia, "Mama, nakuomba. Mimi sitaki kingine kwako. Nataka ufungue madirisha asubuhi na jioni, upate hewa. Ni hilo tu."

"Nimesikia," akasema, kwa sauti ile ya mama anayekusikia na hakubali.

Sasa mtu atauliza kwa nini sikumhamisha. Nimhamishe wapi? Kwangu hawezi kulala. Mama halali chini ya paa la mkwewe, na mama yangu angelala shambani kwanza. Ndugu yangu, kitinda mimba, alikuwa na nyumba yake ya udongo pale pale kwenye boma, inapitisha upepo vizuri, lakini mzazi halali nyumba ya mtoto wake ambaye ameoa. Hiyo nayo ni mwiko. Ni aibu hata kuisema mbele ya wazee. Kumjengea nyingine, alikataa. Alisema mumewe yuko pale nje kaburini, na nyumba aliyomjengea iko hapa, sasa anatoka aende wapi, awaambie watu mawe ya mumewe yana sumu? Nilipomwona anasema hivyo niliacha kumshurutisha. Hilo halikuwa jambo la kikombe tena.

Ndugu yangu alifanya aliloweza. Alinunua saruji akaziba nyufa zote za sakafu, akasugua mpaka ikawa laini. Yule msichana alikuwa amesema hilo linasaidia kiasi, lakini bila kufungua madirisha halitoshi. Niliwapigia wote wawili simu kila mara kuuliza habari za madirisha. Ndugu yangu akiondoka asubuhi kwenda kazi ya boda hajui mama anafanya nini, akirudi giza limeingia na kila kitu kimefungwa, kama kwa kila mtu.

Lakini nilipokuwa nikienda mwenyewe, mambo yalikuwa mengine. Mara ya kwanza baada ya ugomvi wetu, nilifika nikakuta madirisha wazi, yote, hata la chumbani, gunia limetolewa na kukunjwa vizuri. Pazia lilikuwa linacheza. Nyumba ilinukia majani ya nje badala ya nguo za zamani. Mama alikuwa amejifunga leso mbili kwa baridi, amekaa katikati ya upepo huo, ananitazama nimeonaje. Nilimkumbatia. Nilimwambia, "Umeona sasa?" Akasema, "Nimeona."

Kila nilipokwenda ilikuwa hivyo. Mimi sina tabia ya kumvamia mtu. Napiga simu kwanza, maana mama akijua nakuja lazima kuku, ingokho, ashikwe, na ugali, obusuma, usongwe, na asipopata muda wa kufanya hivyo anaona amedharauliwa. Nikifika nakuta kuku anachemka na madirisha wazi. Tulikuwa tunakula tukitazama nje mpaka kwenye msitu. Nilirudi Mautuma nikijisifu kwa mume wangu kwamba nimemshinda mama yangu, kitu ambacho baba hakuwahi kukiweza. Mume wangu alisema, "Wewe unaweza kumshinda hata chifu." Nilifurahi. Niliacha kuuliza habari za madirisha kwenye simu. Niliona namsumbua mtu aliyekwisha kubali.

Miaka ilipita hivyo. Kikohozi cha mama kilianza kama kikohozi cha mtu yeyote. Zahanati wakampa dawa ya kifua. Kikarudi. Wakamwambia atoe makohozi wapime kifua kikuu, hakikupatikana. Kisha nguo zikaanza kumlegea. Mimi ndiye niliyekuwa nazipunguza, kwa mkono, nikiwa nimekaa naye mlangoni, na kila nilipopunguza gauni lile lile la kanisa nilimtania kwamba anataka kuolewa upya. Alicheka akakohoa. Nilijua. Fundi anajua mwili kabla ya daktari, kwa sababu anauzunguka na futi.

Hospitalini mjini Kakamega walimpiga picha, wakachukua kipande cha pafu kukipima, wakatuita mimi na ndugu yangu. Ilikuwa saratani ya mapafu na ilikuwa imeenda mbali. Daktari alimuuliza mama kama amewahi kuvuta sigara. Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake. Daktari akauliza anapikia nini, tukasema kuni, kama kila mtu. Nilimweleza habari za mawe na radoni na kikombe. Alinisikiliza vizuri, hakunidharau. Alisema inaweza kuwa hiyo, unaweza kuwa moshi, vinaweza kuwa vyote viwili, na hakuna mtu anayeweza kulitazama pafu la mtu mmoja akasema ni hiki. Nilimshukuru. Afadhali mtu anayekwambia hajui.

Mama hakutaka kulala hospitali. Tulimrudisha nyumbani, na safari hii hakuna aliyemuuliza habari za madirisha. Mimi nilihamia pale, nikafungua kila kitu asubuhi na jioni, nikiwa nimemfunika blanketi mbili na shuka la kimasai. Alikuwa akiona napigana na lile dirisha la chumbani, limekwama na halitaki kufunguka, akasema taratibu, "Liache, mwanangu, linakuchosha." Nikasema halinichoshi. Nilidhani limekwama kwa sababu ya mvua ya siku hizo. Siku zake za mwisho alikuwa ananiomba nimwimbie nyimbo za kanisa na kunisahihisha maneno. Alikufa asubuhi moja kukiwa na jua, mkono wake uko ndani ya mkono wangu, na nilikuwa na hasira hata wakati huo, sijui na nani.

Tulimzika kando ya baba. Watu walikuja kutoka Shinyalu, kutoka msituni, kutoka kwa wakwe zangu Lugari. Yule msichana wa chuo alikuja naye, akasimama nyuma kabisa kama mwenye deni. Nilimfuata nikamwambia hana kosa, alisema yote, sisi ndio tuliomsikia kwa masikio yetu. Alilia kuliko mimi.

Matanga yalipokwisha na watu kwenda zao, nilibaki nikifua mablanketi. Yule jirani mjane mwenye nyumba ya udongo akaja kunisaidia kukamua. Alikuwa rafiki ya mama tangu wote wawili walipoletwa pale wakiwa maharusi, wakienda kutafuta kuni pamoja na kukopeshana chumvi. Nilimwambia, katika mazungumzo tu, kwamba kinachoniuma zaidi ni kwamba mama alikuwa amenisikia. Alikuwa amefungua madirisha, miaka yote ile, na bado.

Alishika ncha ya blanketi, mimi nikashika ile nyingine, maji yakatoka. Kisha akasema, "Mwana wetu, usinichukie. Mama yako alikuwa anafunganga."

Nikamuuliza anafunga nini.

"Madirisha. Alikuwa anafungua ile siku wewe unakuja. Ukipiga simu tu, namsikia anahangaika na lile la chumbani, limekwama kwa vile halifunguliwangi. Ananiita nije tusukume pamoja. Nikamwambia, si umwambie tu mtoto ukweli, hutaki? Akasema, 'Yule anaamini hiyo hewa yake, na mimi naamini ilienda. Lakini akija nataka akute nyumba vile anapenda.' Ukishaondoka, ukipita pale kwenye kona, anafunga."

Tuliendelea kukamua lile blanketi mpaka halikuwa na maji tena. Jirani alikuwa ananitazama, anangoja nimlaumu, na mimi sikuwa na nafasi ya kumlaumu mtu. Nilikuwa nafikiria simu yangu, iliyokuwa mfukoni mwa aproni kule kibandani kila asubuhi ya Mungu. Ningejua, ningempigia mama kila siku nikamdanganya kwamba niko njiani.